Mabasi Matatu ya Rainery

Hapo zamani, tena si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya karibu tu, Songea palikuwa na kijana anayeitwa Rainery Mapunda. Huyu alijua kurusha mpira. Sikusema kupiga mpira. Nimesema kurusha.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mmoja anarusha, mpinzani amesimama na gongo anataka kuupiga, na nyuma ya mwenye gongo amechuchumaa mdakaji, kazi yake kuuzuia mpira usipite. Watu wa Songea walipouona mara ya kwanza walisema, "Kumbe ni rede ya wanaume," wakaenda zao sokoni.

Hawakukosea sana. Rainery alifundishwa kurusha na dada yake Osmunda, uani kwao, kwenye rede hiyohiyo ya wasichana, ya kumlenga mwenzako kwa mpira naye akwepe. Wavulana wenzake walimcheka. Osmunda hakucheka. Alimwambia, "Usirushe kwa mkono. Rusha kwa kiuno, mkono ufuate." Rainery akarusha kwa kiuno, na waliokuwa wakicheka wakaanza kukimbia.

Alipofika kidato cha tano, akamkuta Mwalimu Tasiana Haule. Mwalimu Tasiana alifundisha jiografia, na jioni alifundisha besiboli kwenye uwanja ambao mkuu wa shule alitaka kuulima mahindi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Wanafunzi walikuwa wanakula, na mahindi yalikuwa hayatoshi.

"Mwalimu," mkuu akasema, "huo mchezo umempeleka nani wapi?"

"Bado hajaenda mtu," Mwalimu Tasiana akajibu.

"Basi akienda hata mmoja, akachukuliwa na chuo kikubwa cha Dar kwa ajili ya mchezo huo, uwanja ni wako. Asipoenda, msimu ujao naleta trekta."

Mdakaji wa Rainery aliitwa Bosko Ngonyani. Bosko alikuwa mnene, mpole, na hakuogopa mpira. Wengine waliogopa mpira wa Rainery. Bosko aliungoja kama mtu anayengoja chai.

Ikaja fainali ya kanda, Njombe. Manyunyu yanaanguka. Mchezo uko mwishoni, shule ya Rainery inaongoza kwa pointi moja, na wapinzani wana watu wawili vituoni, tayari kukimbia kuchukua pointi. Mpira ukimpita Bosko, wote wawili wanaingia, na shauri limekwisha. Rainery akarusha. Mpira ukamteleza, ukaenda chini, ukadunda kwenye tope. Bosko akajitupa mzimamzima, akauzuia kwa mkono usio na glavu. Mpira ukabaki. Kidole kikaelekea upande mwingine.

Rainery akamkimbilia. "Bosko, toka. Tuite mwingine."

"Rudi ukarushe," Bosko akasema. "Kidole ni changu."

Akakifunga kwa kitambaa, akachuchumaa tena. Rainery akarusha, mwenye gongo akapiga hewa, shule ikachukua kombe.

Pale uwanjani walikuwepo makocha wawili wa vyuo. Wa Dar alimshika Rainery mkono, akamwambia, "Kijana, tunakutaka. Masomo, malazi, yote juu yetu."

"Na Bosko?"

"Wadakaji tunao."

Akaja kocha wa Mbeya. "Sisi tunawataka wote wawili. Mmoja akikataa, hatumchukui mwingine."

"Kwa nini?"

"Mrushaji bila mdakaji wake ni mtu anayetupa mawe."

Rainery akarudi nyumbani na vyuo viwili mkononi, akakuta cha tatu kinamsubiri. Mama yao alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, na baba yao alishafariki zamani. Osmunda alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Iringa. Akaiacha, akakaa kumuuguza mama. Sasa chuo chake kilikuwa kimemwambia arudi mwaka huu. Mwaka huu ukipita, nafasi imepita.

Mama, kwa maradhi yale, alibakiwa na neno moja tu linaloeleweka: "Nenda." Akitaka maji, nenda. Akitaka kugeuzwa, nenda. Rainery akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, niende chuo gani?"

"Nenda," mama akasema.

"Anataka uji," Osmunda akasema. Na kweli alikuwa anataka uji.

Jumapili baada ya misa, Osmunda, Mwalimu Tasiana na Bosko wakakutana na Rainery sebuleni kwao. Osmunda akawapa chai. Akaanza yeye.

"Mdogo wangu, bila mimi usingejua kurusha. Hapa Songea kuna chuo cha ualimu. Hakina timu, najua. Usome hapo, ulale hapa, umtunze mama, na mimi nikasome. Mimi nimekaa zamu yangu."

Mwalimu Tasiana akaweka kikombe chini. "Rainery, bila mimi ungekuwa unarusha mpaka leo hapo uani. Nenda Dar. Si kwa ajili yangu. Kuna watoto wa kidato cha kwanza wanaokuja uwanjani saa ambazo wenzao wamelala. Usipokwenda Dar, wale watarusha mahindi."

Bosko hakutaka kusema. Walipomsihi, akasema, "Bila mimi mpira ungepita. Basi. Mimi matokeo yangu unayajua, bwana. Chuo kingine hakitanipokea. Lakini ukienda Dar sitakununia."

Hilo la kutonuna ndilo lililomuumiza Rainery kuliko yote.

Akasema, "Nawashukuru." Halafu akatoka nje, akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Kesho yake alfajiri akabeba begi, akamwambia Osmunda, "Dada, naondoka, lakini sijui naenda wapi." Osmunda akamtazama. Akamfungia viazi vya njiani, akaingia ndani kumgeuza mama.

Mnaijua barabara ya kutoka Songea. Uende Dar, uende Mbeya, ni lazima ufike Makambako kwanza. Njia zinaachana pale. Rainery akashuka Makambako, baridi kali, begi begani. Basi la Dar liko kulia, linaunguruma. La Mbeya liko kushoto, linaunguruma. Na ng'ambo ya barabara, basi la kurudi Songea linajaza abiria.

Kondakta akamshika mkono. "Kaka, wapi?"

Rainery akafungua mdomo.

Mimi nami naishia hapo alipofungua mdomo. Nilipoisimulia hii Mbinga, mtu na mkewe waliondoka kila mmoja na njia yake. Sasa semeni nyinyi, na anayejibu aseme na sababu: dada aliyemfundisha kurusha, mwalimu aliyempa uwanja, na rafiki aliyemtolea kidole, je, nani kati yao alistahili kumpandisha Rainery basi?