Chungu cha Mpakuaji

Mpakuaji ana chungu chake. Nimeusema msemo huu huku nashona namba kwenye jezi zenu, nanyi mkaacha kumlaani mwamuzi wa jana mkaniuliza umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulizaliwa nyuma ya ukuta huu, kwenye chumba ambamo leo wanauza vocha, nami nilikuwapo. Kaeni basi, cherehani yangu haina haraka.

Zamani hizo simu za mkononi zilikuwa hazijafika milimani. Chumba hicho kilikuwa karakana ya Mwantumu Sechonge, fundi redio, mwanamke mfupi mwenye kichwa kigumu. Siku moja akashuka nesi wa zahanati ya Kwemlaza, jina lake Elineema, amejitwika redio ya mawasiliano iliyofungwa kwenye kanga. Kule juu, redio ile ndiyo iliyokuwa ikiita gari la hospitali mama anaposhindwa kujifungua, na sasa ilikuwa imekufa. Nesi akasema amemwacha mama aliyebakiza siku chache, na mtoto amelala vibaya tumboni.

"Mwaka jana nilimpoteza mmoja, mtu akiwa bado njiani kwa miguu kuja kuita gari," alisema. "Sitaki kumpoteza na huyu."

Mwantumu aliifungua redio, akaona kilichooza, akakibadilisha. Ikabaki kuijaribu. Betri ya gari aliikataa, kwa sababu betri haina breki: pakiwa na hitilafu nyingine iliyojificha, inamwaga umeme wote na redio inaungua. Alitaka mashine ya mezani ya kutolea umeme, ile unayoiambia toa volti kumi na tatu na usizidi, nayo ikatii. Mjini hapa hapakuwa na mtu mwenye nayo. Akaamua kuiunda mwenyewe.

Alichukua transfoma nzito ya chaja ya betri iliyokufa, akaizungushia vipande alivyovibandua kwenye mabovu ya watu. Katikati akaweka kibao kidogo cha kuongozea mambo, alichokiita ubongo. Kazi ya ubongo ilikuwa kuutazama umeme unaotoka, na kuubana au kuuachia ili kipimo kisibadilike. Ila ubongo nao hula umeme. Mwantumu aliulisha palepale kwenye njia kuu, ileile inayopeleka umeme kwenye redio, akisema hakuna haja ya kuwasha meko mawili nyumba moja.

Aliijaribu kwa balbu za gari. Kwa balbu ndogo peke yake, sindano ya kipimo ilitulia kwenye kumi na tatu. Akaongeza taa kubwa ya lori, sindano ikainama. Alipoizima ile taa kubwa, sindano iliruka hadi ishirini na tano, na balbu ndogo ikaungua. Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi langu na alielewa upesi, maana redio ile hula sana ukibonyeza kitufe kuzungumza, na hula kidogo ukikiachia. Ungekiachia tu, redio imekwenda.

Mwantumu akabadilisha waya, akaweka mnene. Balbu ikaungua. Akaongeza kapasita kubwa za kutunzia umeme, balbu nyingine ikaungua. Watoto wa mtaa wakaanza kuja kuangalia balbu zikifa, mpaka nikawafukuza kwa futi yangu ya kupimia nguo. Kesho yake asubuhi Elineema aliishiwa na subira.

"Fundi, niunganishie hivyo hivyo. Nitaongea neno moja tu."

"Neno likiisha utaachia kitufe, dada. Hapo ndipo inapoua."

"Na mama yule akianza uchungu leo?"

"Nikikuunguzia hii utapanda na sanduku tupu. Mimi sikupi sanduku."

Nesi alilia. Nami siwafichi, nilimwona Mwantumu ni mkatili.

Siku hiyo palikuwa na harusi ya mpwa wangu uani hapa. Mke wangu, Bi Riziki, ndiye aliyeshika upawa kwenye shughuli zote za mtaa huu. Nilimvuta Mwantumu kwa mkono aje ale, kwani tangu jana alikuwa kwa chai kavu. Tukakuta wageni wamekaa kwenye mikeka, sufuria kubwa ya pilau bado imefunikwa, na Bi Riziki amejitenga pembeni anakula taratibu kutoka kwenye chungu kidogo. Kwetu ndivyo ilivyo, mpakuaji hupikiwa peke yake na hula kwanza. Mwantumu alijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini njaa na balbu zilikuwa zimemharibia ulimi.

"Bi Riziki, watu wanangoja, wewe unajishibisha?"

"Tulia, mwanangu. Nikishika upawa na njaa, wageni wakijaa nitaona fungu langu linaisha, nitabana mkono. Wakipungua nitapakua milima kwa furaha. Mwenye njaa hana kipimo."

Mwantumu alisimama na sahani yake, akamtazama mke wangu, kisha akakitazama kile chungu kidogo kwa muda mrefu.

"Ubongo wangu una njaa," alisema. Akaniachia sahani mkononi, akaondoka. Shangazi mmoja akaniuliza kama yule binti amepatwa na kitu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye redio kaseti mbovu, akang'oa transfoma yake ndogo, akaiunganisha na umeme wa ukutani ili iulishe ubongo peke yake. Njia kuu ikiinama, iiname; ubongo umeshiba kwake. Mwanzoni aliilisha humohumo na feni ya kupozea mashine, sindano ikawa inatetemeka. Akaitoa feni akairudisha kwenye njia kuu. "Wewe kale na wageni," aliiambia.

Akawasha balbu ndogo, akaongeza taa ya lori, akaizima. Sindano haikusogea. Akarudia na kurudia, mpaka nesi mwenyewe akamwambia yatosha. Ndipo akaiunganisha redio na waya mrefu wa antena tuliokuwa tumeutundika juu ya paa langu. Elineema akabonyeza kitufe, akaita hospitali, akakiachia. Sote tuliitazama sindano. Kisha sauti ikatoka: "Kwemlaza, tunakusikia." Akajibu kwa kilio, hata mtu wa hospitali akauliza kuna msiba gani.

Nesi alipanda mlima na redio yake alasiri ileile. Wiki haikuisha, gari la hospitali likapita hapa mbele likipanda, na baadaye likashuka. Mwantumu alisimama barazani na bisibisi mkononi mpaka habari ilipotufikia kwamba mama amepasuliwa, yeye na mwanawe ni wazima. Hapo aliketi chini kwenye vumbi. Bi Riziki alipoelezwa mambo ya ubongo na njia kuu hakushangaa hata kidogo. "Mpakuaji ana chungu chake," alisema, "nani hajui?" Mtaa ukayachukua maneno yake, ukayapeleka kwenye mizani ya pamba na kwenye mabaraza ya usuluhishi.

Sasa ninyi mnasema mwamuzi wa jana alilala kwa wenyeji, akala kuku wao, halafu akaona penalti ambayo hata waliopewa hawakuiona. Sisemi kwamba ni mwizi. Kile kibao cha Mwantumu nacho hakikuwa kibovu, kilikuwa kimelishwa pasipostahili.

Mbona umeinamisha kichwa, kepteni? Ahaa. Jumapili mechi ni kwetu, na mama yako ameshamtenga jogoo wa mwamuzi.

Kamwambie mama jogoo huyo mtamla wenyewe jioni, mshinde mshindwe. Mwamuzi alishwe na chama cha ligi, na alale walikomlipia. Mnaweza kufungwa, ndiyo, lakini mtafungwa kwa haki. Haya, namba tisa imekwisha, ivae nione. Mpakuaji ana chungu chake, hata siku ambayo chungu kikubwa ni chetu.