Malai Yaliyochacha

Wapendwa, mama mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa mengi, na mume aliyeishiwa subira. "Mwezi huu ukiisha hujapata mteja wa kueleweka," mume alimwambia, "huyu ng'ombe namuuza." Na mama wa watu alimpenda ng'ombe wake kwelikweli. Wafugaji mliomo humu mnanielewa.

Mteja akapatikana, hoteli moja ya mjini. Mpishi akamwambia, "Jumamosi niletee siagi au samli, chagua mwenyewe. Nikiridhika, utaniletea kila wiki."

Mama hakufikiri mara mbili, akachagua siagi. Siagi ina hadhi bwana, inawekwa kwenye kisahani mbele ya wageni. Samli kwake ilikuwa mambo ya mama mkwe, harufu yake ikiingia kwenye kanga haitoki. Mara ngapi alimwambia yule bibi akapikie samli yake nje? Mnacheka, lakini wengine mmewafanyia hivyohivyo wakwe zenu.

Wiki nzima akaengua malai juu ya maziwa, akayaweka kwenye friji. Alhamisi umeme ukakatika. Ijumaa haukurudi. Jumamosi alfajiri anafungua friji, harufu ya uchachu ikamjibu. Akatoka na ndoo ya malai huku analia.

"Unamwaga nini?" mama mkwe akamuuliza.

"Yamechacha, mama. Siagi ya hoteli haitoki hapa. Ng'ombe ndio kaenda."

Bibi akachovya kidole, akalamba. "Mwanangu, haya ndiyo kwanza yamefika. Malai matamu mimi huyaacha mpaka yachache, ndipo samli inapata harufu. Lete kibuyu."

Wakayasukasuka kibuyuni kwa zamu mpaka mafuta yakajitenga. Wakayaosha, wakayabandika kwenye moto mdogo, bibi akisimamia jikoni mwa ndani, hakuna wa kumtoa. Saa sita mchana samli ilikuwa mbele ya mpishi. Akainusa, akaionja kwenye wali, akauliza, "Kila wiki utaweza?"

Mama akasema ataweza, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Alishusha pumzi aliyoibana mwezi mzima. Jioni alimkuta ng'ombe wake anacheua palepale pake, akamwegemea shingoni, akacheka peke yake.

Sasa naona mmefurahi, kila mmoja anajiona ni yule mama. Hapana, ndugu zangu. Sisi ndio ile ndoo ya malai. Sisi ndio tuliokaa mpaka tukaharibika, halafu tukajihukumu wenyewe. Nani alikwambia kwamba Mungu anafanya kazi na watu wasiochacha tu? Ile miaka uliyopoteza kwenye pombe, ile ndoa iliyokushinda, unadhani Bwana akikuonja atakutema? Mbona unakimbilia kujimwaga kabla hajakugusa?

Kuna mtu humu alirudisha sare ya kwaya mwaka jana. Akasema, "Mchungaji, baada ya niliyoyafanya, siku zangu zimepita." Sikutaji jina, na wala usiiname. Sare yako hatukumpa mtu. Iko kwa katibu, imefuliwa na kupigwa pasi. Ukitoka hapa, pita ukaichukue.