Kiboko Aliyegawa Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa karibu na mlango sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale Kiboko alitawala wanyama wote wa mbugani. Alitawala, akatawala, mpaka wakamchoka. Siku ya kuchagua ikafika. Kila mnyama akapanga mstari nyuma ya amtakaye. Mstari wa Pofu, yule mnyama mkubwa wa pembe, ukazunguka kilima. Mstari wa Kiboko, eh! Mfupi kama mkia wake.

Mama Ngiri alisimama kwenye mstari huo mfupi. Kiboko alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. Aliposhindwa, Mama Ngiri alimlilia.

Mila ilisema aliyeshindwa abaki kitini mpaka mwezi mpya uandame, ndipo mwenzake ashike. Kiboko akabaki. Lakini hakutulia. Asubuhi moja akamwita Mamba.

"Shemeji, bwawa la kiangazi nakupa. Lako na wanao, milele."

Mamba akacheka, kwa-kwa-kwa, meno yote nje.

Mama Ngiri alikuwa pembeni akigaagaa matopeni. Akasikia. Moyo ukamlipuka, paa! Kiangazi kimekaribia, na mto utakauka. Wanawe watakunywa wapi? Akatoka mbio, mkia juu, tifu-tifu-tifu, akawaita wanyama.

Pofu akang'aka, "Twende tukamtoe sasa hivi!"

"Hapana, mzee," akasema Mama Ngiri. "Siku zake hazijaisha. Akae. Moto ukizuka, apige mbiu. Majirani wakigombana, awapatanishe. Lakini asigawe kitu ambacho sisi tutabaki tukikililia."

"Iwe hivyo!" wakaitika wote. Ikawa sheria.

Wakaenda bwawani, Mama Ngiri mbele. Kiboko akaibuka majini, chubwi! Akapanua kinywa.

"Ngiri! Hata wewe? Si ulisimama nyuma yangu?"

Mama Ngiri akakita kwato matopeni. Hakurudi nyuma.

"Nilisimama, Mheshimiwa. Na kiti chako hatukigusi mpaka mwezi uandame. Ila bwawa huligawi."

"Nitakukanyaga!"

"Nikanyage. Ukimaliza, uwakanyage na hawa."

Kiboko akatazama. Nyumbu, punda milia, swala, mpaka kobe. Wamesimama. Hakuna aliyekimbia. Mamba akajiburuta polepole, bila kuaga, akarudi zake mtoni. Kiboko akafumba kinywa.

Mwezi ukaandama. Kiboko akashuka, akapewa sehemu yake ya maji kama mnyama mwingine yeyote. Pofu akapanda kitini, akajinyoosha, akasema, "Sasa ile sheria tuifute. Ilikuwa ya Kiboko."

Mama Ngiri akamkazia macho.

"Ilikuwa ya kiti, mzee. Na kiti umekikalia wewe."

Pofu akatazama huku na huku. Hakuna aliyecheka. Sheria ikabaki.

Basi mjue, wakubwa kwa wadogo: anayeondoka madarakani asiachiwe kugawa mali ya wanaobaki, hata akiwa rafiki yako. Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda akamsimulie jirani.