Nyumba Iliyomezwa na Ukungu

Rangi ya nyumba mwulize arudiye, si apitaye.

Mmeisikia juzi kwa baba yenu mdogo, alipokuwa akibishana na fundi, nanyi mmenijia mbio kama vifaranga walioona mtama: bibi, maana yake nini, bibi, nani aliisema kwanza? Haya, kaeni. Wewe sogea kidogo, umenikalia kanga. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Usambara, juu kabisa ambako barabara imeshachoka kupindapinda, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemtindi. Hapo aliishi mwanamke jina lake Namkunda. Hakuwa mzaliwa wa hapo. Alikuwa Mpare wa tambarare, mtoto wa jua kali, akaolewa na Singano na kukaribishwa katika nyumba ya udongo ya mama mkwe wake, Bi Kidawa. Nyumba hiyo ilikuwa imekunywa moshi miaka na miaka, hata ukuta wake ukawa mweusi ndani na nje. Namkunda alipikia humo, akazalia humo, akakohoa humo. Akifua kanga na kuianika, inamrudia na harufu ya moshi vilevile. Hakulalamika. Lakini aliweka nadhiri moyoni: siku Mungu akinipa nyumba ya matofali, nitaipaka nyeupe kama yai.

Mungu akampa. Walibomoa ile ya udongo, wakajenga ya matofali palepale pa zamani. Ikapigwa plasta, ikaezekwa bati, ikabaki rangi. Na kwenye rangi ndipo mume na mke waliposhindana.

Singano alitaka kijivu, tena kile kilichokolea, rangi ya wingu lenye mvua tumboni.

"Mama Hoza," alisema, "udongo wetu huu mwekundu unaujua. Mvua moja tu, nyumba yako nyeupe itavaa soksi."

"Soksi nitazifua, Baba Hoza. Mimi nimekaa ndani ya chungu cha moshi tangu ujana wangu. Leo nimetoka, unataka kunirudisha?"

Lile lilikuwa kweli, lakini Singano naye kijivu chake hakukiacha.

Sasa, watu wa Kwemtindi walikuwa na desturi yao. Mtu akimaliza nyumba na rangi ikamtatiza, hupaka viraka viwili vikubwa ukutani, kimoja cha rangi hii na kimoja cha rangi ile, akaviacha mpaka siku ya gulio ipite. Kila apitaye barabarani husimama, akatazama, akasema, "Mimi nasema hii." Kupita kimya ilikuwa aibu, kama kupita penye msiba bila kutoa pole. Basi fundi Mbaruku akapaka viraka viwili kwenye ukuta wa ubavuni, ule uliotazama barabara kwa juu na bonde kwa chini. Kimoja cheupe, kimoja kijivu.

Siku ya gulio jua liliwaka vizuri. Namkunda alitoa birika la chai nje, akawa anawamiminia wapita njia.

"Mimi nasema nyeupe!" alisema mama mmoja aliyejitwika tenga la matunda. "Hiyo nyingine ya nini? Mnajenga jela?"

"Mimi nasema nyeupe," alisema mzee mmoja aliyekuwa akivuta mbuzi. "Na mbuzi wangu naye anasema nyeupe, ila ana haya."

Watu wakacheka. Namkunda alicheka kuliko wote, kwa sababu kila neno lilimwangukia kifuani kama maji baridi. Singano alikuwa amekaa pembeni, akijikuna shingo.

Bi Kidawa naye alikuwepo. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, ungo mapajani, akimenya maharage kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, meupe kama maji ya mchele. Kipofu hasa hakuwa. Aliona dunia kama mtu aonavyo kupitia chandarua. Wala hali hiyo haikumkalisha kitako. Kila siku ya Mungu alichukua jembe lake akashuka bondeni, kwenye kishamba chake cha iliki na maharage, akarudi mwenyewe. Ukimwambia "nikushike mkono," anakuuliza, "Kwani umeanguka?"

Mama mwenye tenga akamwona. "Na bibi mwenye mji, yeye anasemaje?"

Namkunda akajibu upesi, kwa moyo mwema kabisa. "Mama macho yamechoka, mwacheni apumzike. Rangi atazijulia wapi?"

Bi Kidawa aliendelea kumenya. Punje zikalia kwenye ungo. Halafu akainua uso.

"Kitendawili!"

"Tega!" watu wakaitikia.

"Mweupe kaingia kwa mweupe, kaniacha nje."

"Chumvi kwenye unga!" akasema mmoja. Bi Kidawa akatikisa kichwa.

"Maziwa kwenye uji!"

"Hapana."

"Mbuzi anasema ni pamba," alisema yule mzee, na watu wakacheka tena.

"Basi nipeni mji," alisema Bi Kidawa.

"Nenda Tanga mjini, bibi, Tanga yote yako!"

Ninyi mnajua mpewa mji hufanyaje: anakwenda, anakula, anakunywa, kisha anafumbua. Bi Kidawa alikuwa bado anakwenda Tanga, fundi Mbaruku akatokea na ndoo yake akiuliza, "Mmeamua?" Wote wakamgeukia. Nyeupe, nyeupe, nyeupe! Jibu la kitendawili likabaki mdomoni mwa mwenyewe. Bi Kidawa akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Nyumba ikapakwa nyeupe. Nisiwafiche, wajukuu zangu, ilipendeza. Jua likiipiga, ilionekana hata mlima wa pili. Namkunda alikuwa akienda kuchota maji anageuka nyuma kuitazama, kama msichana anayegeuka kutazama kivuli chake siku ya sikukuu.

Halafu kikaingia kipupwe.

Ninyi watoto wa huku chini ukungu mnausikia tu. Kule milimani, kipupwe kikiingia, ukungu unapanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka, unamwagika juu ya mashamba, unakaa. Wapita njia hawauoni sana, maana wao husubiri jua litoke ndipo waende gulioni. Lakini mtu wa shamba hushuka nao na kupanda nao.

Kutoka kwenye kishamba cha Bi Kidawa, njia ilipanda kwenye miti, miguu yake ikiijua. Lakini ikifika juu ilikwisha, ukawa uwanda wa malisho tu, nyasi zilizoliwa na ng'ombe, wala alama hakuna. Hapo ndipo mtu huinua uso atafute kwake.

Siku moja, jirani yao mmoja, jina lake Mishi, akaja amemshika Bi Kidawa mkono. "Nimemkuta kwenye zizi langu," alisema. "Anapapasa ng'ombe, anauliza mlango uko wapi."

Wakacheka, na Bi Kidawa akacheka pia. Lakini jambo likajirudia. Na tena. Kila mara zizini kwa Mishi. Mara ya mwisho alirudi amelowa chapachapa, akitetemeka, kanga imejaa samadi, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

"Nimepita nyumbani," Bi Kidawa alisema polepole. "Nimepita wala sikuiona."

Singano alimwita mkewe kando. "Uzee umempanda kichwani, Mama Hoza. Kesho ataanguka mtoni tuseme nini kwa ndugu?" Akachukua jembe la mama yake, akalificha darini.

Asubuhi Bi Kidawa alipapasa nyuma ya mlango, akapapasa tena. "Singano, jembe langu."

"Pumzika, mama. Umelima vya kutosha."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Singano akatoka. Tangu hapo Bi Kidawa akawa wa kukaa. Akiwekewa chakula anagusa, anasukuma. Hakutega vitendawili. Alikaa kwenye ngazi ya ile nyumba nyeupe kama mgeni aliyekawia kuondoka, anayeogopa kuwachosha wenyeji. Namkunda alimpelekea chai, nayo ikapoa vilevile.

Ili shamba lisife, Namkunda akashuka yeye kuchuma maharage. Alipokuwa huko, ukungu ukapanda. Hakujali, macho yake yalikuwa mazima. Akajitwika kikapu, akapanda kwenye miti, akatokea kwenye uwanda wa malisho, akainua uso atafute kwake.

Hakuona kitu. Mbele kweupe, nyuma kweupe. Alijua nyumba ipo, tena karibu, pengine angeweza kuitupia jiwe. Akasonga, akasimama. Akamwita mwanawe, "Hoza!" Sauti ikarudi imelowa. Basi akaona kwa mbali weusi fulani, kama mtu aliyesimama. Moyo ukamtulia. Akaushika weusi ule, akaufuata mpaka mkono wake ukagusa mbao. Zilikuwa mbao zilizopakwa oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Ng'ombe akampumulia usoni.

Mishi akatokea na ndoo ya kukamulia. Akamtazama, akamtazama tena, akaangua kicheko.

"Shoga yangu Namkunda! Na wewe umezeeka leo?"

Namkunda hakucheka. Alisimama pale, kikapu kichwani, mkono bado uko kwenye zizi. Wala hakuaga. Alifuata uzio wa Mishi kwa mkono, akaushika wa kwao, akafika nyumbani akihesabu vijiti kwa vidole kama kipofu.

Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kwenye ngazi.

"Mama. Zamani ukitoka bondeni, ukifika malishoni, ulikuwa ukitazama nini?"

"Ile nyumba nyeusi," alisema Bi Kidawa. "Nilikuwa nauona weusi wake, naufuata. Na mlipoibomoa nikasema basi, nimekwisha. Lakini Mbaruku akaja akaweka kile kiraka chake cha giza. Nikakishika hichohicho. Kilinitosha."

"Tukakifuta."

"Mkakifuta."

"Ni ukungu, mama. Hata mimi leo sikuiona."

"Kwako ukungu unakuja, jua likitoka unaondoka, mwanangu. Kwangu mimi umehamia."

Namkunda akamshika goti. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Mweupe kaingia kwa mweupe. Ni nyumba yetu ndani ya ukungu?"

Bi Kidawa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jembe lipotee. "Umefumbua."

"Mbona hukusema wazi, mama?"

"Mlikuwa mnawauliza wanaopita. Mimi sipiti, mimi narudi. Nikaona nitege, labda atakuwepo wa kufumbua. Mkanipa Tanga yote. Nyumba yangu mkaninyima."

Singano alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Aliinama kama mtu aliyeitwa jina na mwalimu.

Sasa msidhani ilikuwa rahisi. Ile nyumba nyeupe Namkunda aliiota miaka, na sasa amekaa ndani yake muda mfupi tu. Singano mwenyewe alisema, "Tupake kijivu ubavu mmoja, wa bondeni. Zile nyingine zibaki rangi yako." Namkunda akafikiri. Akakumbuka kwamba ukungu haumwulizi mtu atatokea upande gani.

"Zote," alisema. "Ndani tu pabaki peupe. Huko nisione moshi tena."

Akaenda nje, akaikoroga rangi mwenyewe kwa mti, ile ya kijivu nzito, mpaka fundi Mbaruku akasema, "Inatosha, mama, utaitoboa ndoo." Alipaka pia. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa bega, akapata alama ya kijivu shavuni.

Rangi ilipokauka, Singano alipanda darini akashusha jembe. Bi Kidawa alilipapasa mpini mzima, kana kwamba anahakiki kama ni lake, kisha akashuka bondeni bila kuaga mtu. Ukungu ukapanda. Namkunda na mumewe wakasimama mbele ya nyumba. Singano akafungua mdomo kuita, mkewe akamshika mkono.

"Mwache."

Wakangoja. Ng'ombe wa Mishi walilia, wakanyamaza. Halafu kwenye maziwa yale kikatokea kivuli kidogo, kikiwa na jembe begani. Hakikuyumba. Kilikuja moja kwa moja, kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano, mpaka Bi Kidawa akafika, akaweka kiganja ukutani.

"Kitendawili," alisema, akihema.

"Tega, mama."

"Nina njaa."

"Hicho si kitendawili, mama!"

"Basi fumbueni kwa ugali."

Siku ya gulio iliyofuata jua liliwaka tena, na yule mzee wa mbuzi akapita. Alisimama barabarani, akaitazama nyumba, akashika kiuno.

"Namkunda! Nyumba ilikuwa kama bibi harusi, mmeivika kaniki! Sisi sote tulisema nyeupe. Mmemwuliza nani?"

Namkunda aligeuka, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa akishuka na jembe lake njia ya bondeni, bila kushikwa mkono.

"Rangi ya nyumba, babu," alisema, "mwulize arudiye, si apitaye."

Mzee akalibeba neno lile mpaka gulioni, na kutoka huko limetembea hadi likafika kwa baba yenu mdogo. Nanyi mkiwa na nyumba zenu, watakuja watu wengi kunywa chai yenu na kuwaambia kinachowapendeza. Wamiminieni chai. Kisha ingieni ndani mkamtafute yule ambaye hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa rangi ya nyumba mwulize arudiye, si apitaye.