Tumbo la Ukurasa wa Kwanza

Paukwa? Pakawa. Palikuwa na nini? Sema wewe mwenye mdomo. Palikuwa na tumbo. La nani? Ah, hiyo ndiyo ngano yenyewe. Sogeeni, na aliyeshiba kupita kiasi akae huku pembeni yangu, tufanane.

Hapo zamani wanyama walikuwa na gazeti lao, na mhariri alikuwa Fisi. Mpiga picha alikuwa Pimbi, kwa kuwa ni mdogo na hupenya katikati ya miguu ya wakubwa bila kukanyagwa. Kila Ijumaa gazeti lilitoka na habari ileile: unene ni janga. Na kila Ijumaa lilitoka na picha ya namna ileile: tumbo kubwa lisilo na kichwa. Fisi alisema kichwa kinakatwa ili kulinda heshima ya mwenye tumbo. Chini ya picha aliandika: mwenye tumbo hili alete chakula chake ofisini, kiteketezwe.

Ijumaa ya kwanza lilitoka tumbo la Bi Kiboko. Mbuga nzima ikalijua, maana tumbo la Bi Kiboko halihitaji kichwa. Akaleta matikiti yake, puu, puu, puu. Akalalamika kwamba amezaliwa hivyo, na mama yake hivyo, na bibi yake zaidi. Fisi akamjibu, "Bi mkubwa, gazeti halikosei." Akafunga mlango, akayateketeza: mbwaku, mbwaku, mbwaku.

Ijumaa ya pili lilitoka tumbo la Nguruwe. Akaleta viazi vyake, puu, puu, puu. Akalalamika kwamba alipigwa picha akiwa ameinama. Fisi akamjibu, "Ndugu yangu, gazeti halikosei." Akafunga mlango: mbwaku, mbwaku, mbwaku.

Ijumaa ya tatu ilipokaribia, Fisi akamwita Pimbi, akamtazama toka juu mpaka chini, na si mbali.

"Kijana, na wewe umejaajaa. Wiki hii zamu yako. Nasikia una karanga."

Karanga hizo Pimbi alikuwa amewawekea wanawe sita pangoni, wavuke nazo masika, wakati mawe yanateleza na hakuna wa kutoka nje. Zikiteketezwa, wanawe wangekula nini, magazeti? Lakini akasema tu, "Sawa, Bwana Mhariri. Picha utaipata kesho."

Mchana ule Fisi alikula kapu la viazi, akalala chali juu ya meza, korooo, korooo. Tumbo likapanda kama kichuguu, likashuka, likapanda tena. Pimbi akapanda kiti. Kacha.

Kesho yake Fisi aliishika picha, akacheka mpaka akakohoa.

"Pimbi, wewe mdogo hivi, haya yote unayaweka wapi?"

"Nilisimama karibu na kamera, mzee. Inakuza."

"Na madoa haya?"

"Wino wetu huo, si unaujua."

Fisi aliujua. Wino wao ulichafua hata matangazo ya vifo. Akashika kalamu kwa raha, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: hili ni tumbo baya kuliko yote, mwenye nalo atoe chakula chote alichonacho, ale mchicha wa kuchemsha siku saba, bila chumvi. Hilo la chumvi aliliongeza mwishoni, akalipenda sana.

Ijumaa wanyama walifika ofisini na gazeti mkononi. Nguruwe akalibandika juu ya tumbo la Fisi. Doa kwa doa. Fisi akababaika, akadai ni makosa ya mtambo, akauliza wamejuaje ni yeye na kichwa hakipo. Bi Kiboko akakaa mlangoni, na akikaa hapo hapiti mtu. Akasema taratibu, "Bwana Mhariri, gazeti halikosei."

Matikiti na viazi vilivyobaki vikarudi kwa wenyewe. Karanga hazikutoka pangoni. Mchicha ukaingia ofisini.

Siku ya nane Fisi alitoa toleo maalumu: wembamba ni janga. Picha ilikuwa ya tumbo lililobonyea, bila kichwa. Chini yake: mwenye tumbo hili aletewe chakula, haraka.

Funzo lake ni hili, wapenzi: aminini kila mnachosoma gazetini, hasa ukurasa wa kwanza. Ngano yangu imeshiba, imelala. Mwenye njaa aanze yake.