Ndiva Iitwe Nani?

Sogezeni vigoda. Anayechambua maharage aendelee kuchambua, mkono wenye kazi hauzibi sikio. Leo sina zimwi wala sungura. Nina watu watatu wa biashara, na nina kesi. Mimi nasimulia, nyinyi mtahukumu.

Watu hao walikaa Kighombo, juu kabisa kwenye milima ya Upare, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Nankondo alipewa mkono wa chungu. Aliuza makande gulioni, na harufu ya makande yake ilikuwa inaita watu kwa majina. Ukipita huna njaa, njaa inakuja yenyewe. Ulimi pia alipewa, na huo hakuuza, aligawa bure.

Mbonea alipewa vidole. Alikuwa mfyatua matofali, na udongo aliujua kwa kuufinya tu, macho yakiwa kwingine: huu utapasuka, huu utashika, huu ni wa vyungu, kampe mama yako.

Kajiru, fundi seremala, alipewa sikio. Aligonga mti kwa kiganja, akausikiliza kama mkunga anavyosikiliza tumbo, halafu akakuambia humo ndani mlango umelala wapi na kinu kimekaa wapi.

Sasa Kighombo waliishi kwa ndiva. Kwa asiyefika kwetu, ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa kwa mikono ya mababu. Maji yanatoka chemchemi kwa mfereji, yanaijaza usiku kucha, na asubuhi mgawa maji anachomoa kizibo, maji yanashuka mashambani kwa zamu. Ndiva ikiwa hai, gulio linajaa nyanya na ndizi na maharage mabichi, na wachuuzi wa tambarare wanapanda mlima kununua. Ndiva ikifa, hata mbwa anahama.

Na hao watatu, pamoja na vipaji vyao, ndio walioiua. Si kwa roho mbaya. Kwa biashara tu.

Kajiru alikata miti iliyoizunguka chemchemi, maana ndiyo ilikuwa minene. Chemchemi ikabaki uchi, ikakonda. Mbonea alichimba udongo chini ya ukuta wa ndiva, maana hapakuwa na udongo mtamu kama ule. Ukuta ukabaki kama jino lisilo na fizi. Nankondo aliwafungia wateja makande kwenye mifuko ya nailoni. Walikula wakitembea, mfuko wakatupa, upepo ukautia mferejini, na mifuko yote ikaenda kujazana kwenye mdomo wa ndiva.

Masika ikaja kwa nguvu. Maji yalitaka kutoka, mdomo umeziba. Yakaegemea ukuta, ukuta hauna miguu. Ukapasuka, maji yakateremka bondeni yote kwa mkupuo, tukabaki na tope na vyura.

Wangechukua majembe siku hiyohiyo, mngekuwa mmeshalala. Lakini watani wetu wanasema Mpare akiibiwa kuku huuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku, na mimi sitabisha. Kighombo walikaa kitako kutafuta mwenye kosa.

"Ni mifuko ya Nankondo," akasema Mbonea.

"Mifuko yangu ina meno ya kula ukuta?" akajibu Nankondo. "Yule aliyechimba shimo chini ya ukuta alikuwa nani, mama yangu?"

"Mnagombea bakuli tupu," akasema Kajiru. "Hata ukuta ungekuwa wa chuma, maji ya kuutia yako wapi? Chemchemi inatoa kiasi cha mkojo wa mbuzi."

Wale wawili wakamgeukia kwa pamoja. "Na aliyeikausha ni nani?"

Kesi ikaendelea. Nyanya zikanyauka, kesi inaendelea. Wachuuzi wakaanza kunong'ona kwamba gulio lihamie kijiji cha ng'ambo, kesi bado ina mashahidi. Mpaka siku moja Nankondo akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akasema, "Jamani, mimi naomba kushindwa. Mifuko ni yangu. Niandikeni nimeshindwa, nikaanze kazi."

Watu wakatazamana. Kighombo hajawahi kutokea mtu wa kuomba kushindwa kesi.

Hapo mgawa maji, Mzee Sempeho, akawakumbusha desturi. Ndiva iliyopasuka imezikwa na jina lake. Ikifufuka, itaitwa kwa jina la aliyeifufua, na jina ni moja tu, kwa sababu mgawa maji hulitamka kwa pumzi moja huku akichomoa kizibo. Basi kila asubuhi, miaka na miaka, bonde zima litaamka kwa jina hilo.

Mkiona macho ya watu yanang'aa, mjue wamelisikia.

Nankondo alianza kesho yake. Mwenye kutaka makande na aje na bakuli. "Nibebe bakuli kama nimelazwa hospitali?" akauliza mchoma mkaa mmoja. "Basi vua kofia, mwanangu," akamjibu. Yule bwana akadhani ni mzaha, akavua, akapakuliwa, akala makande kofiani gulio zima likimtazama, na akaomba ya pili. Wengine walikasirika, wakaenda kula kwa jirani anayefunga kwenye nailoni. Chungu cha Nankondo kikawa kinarudi nyumbani kimejaa nusu. Hakurudi nyuma. Akatangaza kwamba atakayemletea konzi ya mifuko kutoka mferejini atapata upawa mmoja wa nyongeza. Mfereji ulichambuliwa kama kichwa chenye chawa. Mdomo wa ndiva ukafunguka, na mifuko ile akaikata, akaisuka ngata za kubebea ndoo. Mpaka leo wanawake wa Kighombo wanapendeza kwa ngata za rangi.

Mbonea naye akafunga shimo lake. Akalijaza, akaenda kuchimba mbali, kule kwenye kilima kikavu ambako udongo ni mbishi na mgongo unalia. Wateja wakamwambia amekuwa ghali, wakamkimbia. Kisha akatazama matofali yaliyopangwa uani kwake, mekundu, yanayolia kama kengele ukiyagonga. Hayo alikuwa amemfyatulia mkewe, wahame kwenye kibanda cha fito. Akayatazama, akayatazama tena, akaita msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. Baragumu likalia, watu wakapokezana matofali mkono kwa mkono hadi ndivani, wakakanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba, mpaka ukuta ukasimama.

Mkewe akaja akauangalia. "Ukuta mzuri," akasema. "Na sisi tutahamia humo lini, mume wangu?"

Watu walicheka hadi wakaangusha matofali, na yeye akacheka nao. Lakini alirudi kulala kwenye fito.

Kajiru akaenda chemchemini, akakuta visiki. Akatoa sheria dukani kwake: mbao atatumia za mashamba ya watu wenyewe, na hakuna mtu atakayepata mlango wala kinu kabla hajapanda mche pale chemchemini, akautunza, na mche ukapita kiangazi ungali hai. "Mlango baada ya mti," akasema. Watu wakamwona amechanganyikiwa. Bwana harusi mmoja alioa kabla mche wake haujapita kiangazi, akatundika blanketi mlangoni mwa chumba cha maharusi, na shangazi wote wakawa wanajifanya wamepotea njia. Kila asubuhi yule kijana alikuwa anabeba ndoo kwenda kumwagilia mche wake, anausihi kama mgonjwa. Kajiru alikaa na njaa yake, akipanda mikuyu yake mwenyewe kwenye kila kisiki alichoacha. Vuli ikapita, masika ikapita, zikaja nyingine zikapita. Ndipo siku moja akaweka sikio kwenye mwamba, akasikia ndani kuna mtu anacheka. Yalikuwa maji.

Ndiva ikajaa. Ilijaa usiku mmoja, ikalingana na ukingo, na alfajiri kijiji kizima kimesimama juu ya ukuta. Wachuuzi wa tambarare nao wamepanda na matenga yao, wala hawataji tena kijiji cha ng'ambo. Mzee Sempeho akaingia maji ya magoti, akashika kizibo. "Nipeni jina," akasema.

Hao watatu kila mmoja akaanza kutazama kucha zake, kwa adabu. Adabu ile haikudumu.

"Mimi ndiye niliyetangulia," akasema Nankondo. "Nisingeomba kushindwa, hawa wawili hadi leo wangekuwa wanaita mashahidi. Na nyote mnajua sikujaliwa mtoto. Hakuna mjukuu atakayerithi jina langu. Likitamkwa hapa kila asubuhi, nitakuwa nimezaa bonde zima."

"Dada yangu, kutangulia si kutoa," akasema Mbonea. "Wewe ulitoa mifuko, ambayo hata hivyo ilikuwa takataka. Mimi nilitoa nyumba. Nimejenga za watu maisha yangu yote, hakuna hata moja inayoitwa kwa Mbonea, na ile moja ambayo ingeitwa hivyo ndiyo mmeikanyaga sasa hivi. Mke wangu anaangalia matofali yake yanaoga, yeye bado analowa mvua."

"Mdomo safi, na ukuta imara," akasema Kajiru. "Vilikaa hapo miaka mingapi vikihifadhi vyura? Nyinyi mlimaliza, mkakaa kivulini, mimi nikangoja na njaa. Tena ukoo wangu mnauitaje? Wakausha Chemchemi. Mwanangu akienda kuposa, swali la kwanza ni hilo. Nipeni jina hili, mniondolee lile."

Basi mjue palichafuka kwa furaha. Wanawake wenye ngata walimtaka Nankondo, wakapiga vigelegele. Waliokanyaga udongo walimtaka Mbonea, wakaanza wimbo wao wa msaragambo. Yule bwana harusi wa blanketi, sasa ana mlango na mtoto mgongoni, akasema yeye bila Kajiru hasogei. Mtu mmoja akapendekeza majina yaunganishwe, iitwe Nankombokaji.

"Hilo ni jina au ni kikohozi?" akauliza Mzee Sempeho.

Mwingine akasema wapokezane kwa zamu, kama tunavyogawana maji. Mzee akakataa. "Maji ni ya zamu, jina si la zamu. Mtoto wako unambatiza upya kila masika?"

Mwingine tena akasema asitajwe yeyote, kwa kuwa wote watatu ndio walioiharibu, na kurudisha ulichovunja si zawadi, ni deni. Huyo alizomewa kidogo, lakini wengine waliinamisha vichwa, wakifikiri.

Nami kila nikiisimulia nasikia sauti mpya. Marehemu shangazi yangu, aliyeuza vyungu, alisema anayeanza ndiye mwenye kazi, kwa sababu aibu ya kuanza ni nzito kuliko tofali. Mume wangu akamjibu kwamba aibu hailali kwenye fito. Mama yangu alikuwa akiwasikiliza wote wawili, anageuza ugali, halafu anasema polepole, "Nyinyi hamjawahi kungoja mti." Wakaenda kaburini hawajapatana, na walipendana sana.

Maji yako ukingoni sasa. Chini huko wenye mashamba wamefungua mifereji, majembe mkononi, wanachungulia juu. Nankondo ameshika khanga yake kwa meno. Mbonea anapapasa ukuta. Kajiru amefumba macho. Mzee Sempeho amevuta pumzi, na ni mzee, pumzi yake si ndefu.

Aliyetangulia, aliyetoa nyumba yake, au aliyengoja?

Haya, ungekuwa wewe uliyeshika kizibo, ungemwita nani?