Firigisi ya Mjomba na Tangi la Nyumbu

Hapo zamani, na simaanishi zamani ile ya fisi kuoa na sungura kuwa mshenga, nasema zamani ya juzijuzi tu, bibi zenu walipokuwa bado na meno yote na petroli ilikuwa haionekani, palikuwa na pikipiki kule milimani Lugongo. Jina lake Nyumbu. Sogeeni basi! Na wewe unayepiga miayo pale nyuma, jiangalie, maana hadithi hii mwisho wake ni swali, mimi jibu sina, na nitaanza kukuuliza wewe.

Nyumbu aliachwa na marehemu Mzee Banzi, baba yake Modesta. Alikuwa pikipiki mkongwe, mweusi, mzito, akinguruma du-du-du-du mpaka vikombe vinacheza kabatini. Mshale wa kuonyesha mafuta hakuwa nao. Ukitaka kujua petroli iliyobaki, ulifungua kifuniko ukachungulia, au ulimtikisa ukasikiliza. Tangi lake lilikaa juu ya chuma cha mgongo, shavu moja huku, shavu jingine kule, kama mizigo ya punda. Koki ilikuwa moja tu, chini ya shavu la kushoto, na ilikuwa na sehemu tatu: kufunga, kufungua, na akiba. Unasafiri koki ikiwa kwenye kufungua. Injini ikianza kukohoa, unageuza kwenye akiba, na hapo unajua kwamba kilichobaki ni kidogo, endesha kwa adabu. Mmeelewa? Mkisema mmeelewa na hamjaelewa, shauri yenu.

Sasa Modesta alikuwa anaolewa. Mchumba wake ni Apolinari, mpasua mbao wa upande wa pili wa milima, kijana mpole, ila akiona pikipiki akili inaruka. Padri wa kufungisha ndoa alipanda Lugongo mara moja tu kwa kiangazi, na jua likianza kuinama alishuka zake, harusi iwe imefungwa au haijafungwa. Na katika ukoo wa Modesta, bibi harusi hatoki ndani mpaka mjomba asimame mlangoni amtoe kwa mkono wake. Mpaka atolewe, haonekani wala sauti yake haisikiki. Mjomba hayupo, harusi hakuna. Ngoja mwakani!

Mjomba mwenyewe alikuwa Mzee Mkude wa Mikwajuni, chini kabisa tambarare. Magoti yake yalishagoma zamani, mlima hapandi kwa miguu hata umuahidi nini. Na kiburi? Wee! Alituma neno: "Nitakuja siku hiyohiyo ya harusi, kulala kwa watu sipendi. Na nitakuja kwa Nyumbu wa shemeji yangu, la sivyo siji."

Safari ya Mikwajuni, kwenda na kurudi, marehemu Mzee Banzi aliijua vizuri. Alikuwa akisema inataka tangi lijae mpaka shingoni, na hata hapo unafika ukiwa na mafuta ya kujaza kijiko. Lakini tangi lilikuwa limebonyea. Shavu la kulia lilikuwa na shimo la kutosha kulaza nazi. Petroli iliyotakiwa kuingia, haiingii.

Nani kasema wangebeba dumu? Wewe? Ulizaliwa lini? Miaka ile petroli nje ya tangi ilikuwa ulanguzi. Ukikutwa na dumu kizuizini, dumu linabaki pale, na wewe unabaki pale. Kilichomo tangini ndicho chako. Nisikatizwe tena.

Basi wakamwita Kobelo, fundi baiskeli. Kobelo akalitazama tangi, akalizunguka, akaguna. Akalivua, akaliosha, akaliacha juani likauka. Akaziba koki, akafunga mdomo kwa vipande vya mpira, akabakiza kitundu cha pampu yake ya baiskeli. Kisha akaanza. Pu! Pu! Pu! Watu wakarudi nyuma. Pu! Pu! Pu! Mama yake Modesta akaita, "Kobelo, litapasuka hilo, utatuua kabla ya sherehe!" Kobelo akazidi kupampu, jasho linamtoka. Pu! Pu! Mara, BWAP! Kuku wakatawanyika, mtoto mmoja akalia, na lile shimo likatoka lenyewe. Tangi likawa zima, mashavu yote mawili yamejaa. Mama Modesta kwa furaha akampa Kobelo kuku mzima.

Wanakijiji wakachanga petroli, huyu chupa, yule nusu chupa, wakajaza mpaka shingoni. Alfajiri Apolinari akapiga kiki, du-du-du-du, akaondoka.

Sasa msikilize huyu Apolinari alivyoendesha. Kila akifika kwenye mteremko anazima injini. Kimya! Anashuka na upepo tu masikioni, mikono kwenye breki, moyo mdomoni, maana barabara ya Lugongo kona zake hazina huruma. Akifika chini anaachia klachi, Nyumbu anaamka, du-du-du-du. Mteremko mwingine, anazima. Kona moja nusura aende na mti. Lakini petroli haikutumika bure hata tone.

Akafika Mikwajuni. Mjomba akatoka, kofia kichwani, jogoo kwenye tenga, na gunia la mchele.

"Mjomba, shikamoo. Samahani, hilo gunia..." akaanza Apolinari.

"Marahaba. Gunia linakuja. Jogoo anakuja. Mimi siendi kula vya watu."

Ungemjibu nini? Ni mjomba wa mke. Wakafunga gunia, wakapanda, wakaanza kurudi. Na kurudi, ndugu zangu, ni kupanda. Nyumbu alipanda akilalamika, jogoo analalamika, mjomba analalamika zaidi ya wote wawili.

Jua likaanza kuinama. Juu Lugongo watu wamejipanga ukingoni, wanatazama bondeni. Padri alishaanza kukunja nguo zake za ibada. Modesta yuko ndani, gauni jeupe, shela kichwani. Mara wakamsikia Nyumbu kwa mbali, du-du-du-du. Vigelegele! Wakamwona anatokea chini ya kilima cha mwisho kabisa. Vigelegele! Kisha wakasikia, du... du... kho. Kimya.

Apolinari hakushtuka. Alijua ana akiba. Akapeleka mkono kwenye koki ageuze. Loo! Koki iko kwenye akiba tayari. Ilikuwa kwenye akiba tangu alfajiri, na yeye hakuitazama. Akapiga kiki, wapi. Akapiga tena, wapi. Akafungua kifuniko akachungulia: shavu la kulia linang'aa petroli, koki iko kushoto, na katikati kuna ule mgongo wa chuma. Apolinari akakodoa macho tu. Mjomba akakaa juu ya gunia lake la mchele, akakumbatia tenga.

"Mimi sipandi," akasema.

Juu, padri akachukua mkoba wake.

Hapo ndipo dirisha la nyumba ya Mama Modesta likafunguka, pa! Bibi harusi, asiyetakiwa kuonekana, asiyetakiwa kusikika, akatoa nusu ya mwili nje na shela linapepea, akapiga ukelele uliozunguka mlima mzima:

"Apolinariii! Mlaze! Mlaze kushoto, upande wa koki! Baba alikuwa anamlaza!"

Mama yake akamshika gauni, "Modesta, unatuaibisha!" Modesta hana habari naye. "Mlaze chini kabisa, kisha mwinue!"

Apolinari akamlaza Nyumbu ubavu wa kushoto. Wakasikia ndani ya tangi: glu, glu, glu. Petroli ya shavu la kulia imevuka mgongo, imehamia kushoto. Akamwinua, akapiga kiki. Du-du-du-du! Juu watu wakashangilia! Mjomba akapanda, gunia likapanda, jogoo akapanda, na Nyumbu akakimaliza kilima akifika juu kwa pumzi ya mwisho. Alipozimika mbele ya mlango, ukimtikisa husikii kitu.

Mngedhani imeisha. Haijaisha, ndiyo kwanza utamu unaanza. Desturi ilitaka jogoo wa mjomba achinjwe kabla bibi harusi hajatolewa. Kumpika mzima hakukuwa na muda, basi wakachoma firigisi peke yake juu ya makaa, wakamletea mjomba kwenye sahani. Padri akasema, "Mzee wangu, jua." Mjomba akasema, "Padri wangu, subiri kidogo." Akaishika ile firigisi kwa vidole viwili.

"Nyumbu hana mwenyewe tangu shemeji afariki," akasema, "na neno la mwisho ni langu. Basi, aliyenifikisha hapa ndiye atakayekula firigisi hii. Na atakayekula firigisi hii ndiye atakayemchukua Nyumbu. Akishamaliza kutafuna, namtoa bibi harusi."

Kobelo akawa wa kwanza kusimama. "Mjomba, ni mimi. Bila mimi petroli ingeingia wapi? Tangi lingebaki na shimo lake, na mngezimika huko chini msikosikika. Nyumbu akibaki kwangu, anabaki Lugongo. Mgonjwa akizidiwa, nampeleka. Mzazi akishikwa na uchungu, nampeleka."

Watu wakaguna, "Kweli."

Apolinari akasimama, vumbi mpaka kope. "Mjomba, ni mimi. Bila mimi petroli ingeishia wapi? Nimeshuka mlima mzima injini imezimwa, nusura nife kwenye kona. Tena gunia lako nimelibeba, sikusema neno."

"Ulitaka kusema," akasema mjomba.

"Sikusema."

Watu wakaguna, "Naye kweli."

Kobelo akamgeukia. "Na lile shimo lilitoka wapi, bwana harusi? Si wewe uliyeanguka naye mtaroni ukijionyesha kwa Modesta?"

Apolinari akawaka. "Na wewe si ulishalipwa? Ulipewa kuku mzima, na firigisi yake ndani! Unataka mbili? Tena koki uliiacha kwenye akiba, sikupata onyo lolote!"

"Koki niliifunga mimi! Naapa!"

Wakatazamana. Nani basi aligusa koki? Neno likamtoka Mama Modesta kabla hajaziba mdomo. "Modesta," akasema, "jana jioni si ulichukua petroli ya kufutia utomvu wa ndizi kwenye gauni?"

Uwanja mzima ukacheka. Mpaka padri akacheka! Mlango ukafunguka kidogo. Modesta akasimama pale kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, gauni jeupe bila doa hata moja.

"Nilichukua," akasema. "Glasi moja. Koki niliigeuza mimi, nikasahau. Glasi ile ndiyo ingewapandisha kilima, nakubali. Lakini kuna aliyekuwa anajua la kufanya? Bila mimi petroli ya shavu la kulia ingefika kwenye koki lini? Firigisi ni yangu."

"Mwanamke hali firigisi!" wazee wakasema kwa pamoja.

"Mwanamke hapigi ukelele dirishani pia," akasema Modesta, "na mlipousikia hamkuniambia ninyamaze. Mlishangilia."

Apolinari akacheka kwa upole, akasogea. "Modesta, mbona unahangaika? Nikila mimi si ndiyo umekula wewe? Si tunakaa nyumba moja?"

Modesta akamtazama. Alimpenda, hilo halina ubishi, lilionekana machoni. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa anabaki peke yake juu ya mlima ule, na kule anakoolewa ni siku nzima kwa miguu.

"Ukila wewe," akasema, "siku nikimkumbuka mama nitakuomba ruhusa, nawe utaangalia kama una nafasi, na kama Nyumbu ana mafuta. Nikila mimi, nitapiga kiki."

Mama Modesta akajifuta macho kwa upande wa kanga. Kobelo akainamisha kichwa, lakini pale pembeni kulikuwa na dada mmoja mjamzito, miezi imetimia, na Kobelo akamwona, akakiinua tena.

Mjomba akaitazama firigisi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akamtazama aliyelifanya tangi lijae. Akamtazama aliyeifanya petroli idumu. Akamtazama aliyechukua glasi ya petroli kisha akaiokoa safari. Jua limebaki upana wa kiganja. Padri ameshika mkoba. Modesta yuko kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na hawezi kusogea mpaka mtu atafune.

Mimi nimewaacha hapo hapo, na firigisi inapoa. Haya, wewe uliyekuwa unapiga miayo, simama. Leo wewe ndiye mjomba, nyosha mkono. Unampa nani? Je, nani alistahili?